Vipuri vipya vya chini ya gari: usiifungie chumvi ndani

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Naishi Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, nina Noah ninayobebea wageni kwenda na kurudi Mjini na uwanja wa ndege. Mikono ya chini ya mbele, ile inayoshika boljointi (kiungo cha duara kinachounganisha mkono na upande wa gurudumu), imeliwa na kutu hadi mmoja umetoboka. Nimenunua mikono miwili mipya, springi mbili za mbele, shokapu na linki za stabilaiza. Vyote bado vimo ndani ya maboksi. Jirani yangu ananishauri nivipake rangi ya lami kabla ya kufunga. Mwengine anasema nipige oili chafu chini ya gari lote kila mwezi, ndiyo dawa. Gari naliosha kila siku kwa maji ya kisima cha nyumbani na kutu haiishi. Nifanye nini ili hivi vipya vidumu?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu.

Kabla ya habari ya kutu, kuna jambo la usalama. Mkono uliotoboka hautakupa onyo. Siku ukikatika, gurudumu linalala upande na usukani unakuwa hauna kazi tena. Mpaka umefunga vipya, gari hilo lisibebe mtu, awe mgeni au wa nyumbani. Najua ni siku za riziki zinazopotea, lakini kazi nitakayokueleza inataka gari lisimame siku kadhaa hata hivyo, kwa hiyo zitumie hizo.

Umefanya vyema kuuliza vipuri vikiwa bado kwenye maboksi, maana mkono ukishafungwa, sehemu zinazooza mwanzo hazifikiwi tena na brashi. Jibu langu kwa mkato ni hili: lami usipake, oili chafu usipige, na maji ya kisima chako usiyatumie tena kuoshea gari mpaka umejua yana chumvi kiasi gani. Vipuri vioshwe kwa maji matamu, vikaushwe, viongezewe praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, pale ambapo rangi ya kiwandani ni dhaifu, vifungwe, kisha juu yake upulize nta laini ambayo utairudia kila mwaka. Yote hayo yana shabaha moja, nayo ni kwamba chumvi isipate kufungiwa kati ya chuma na kile unachokipaka. Ukifanya kila kitu vizuri na ukakosea hapo tu, kutu itaendelea chini ya rangi na wewe hutaiona.

Nikueleze kwa nini naisisitiza chumvi namna hii. Chuma kinaliwa na maji pamoja na oksijeni, hata bila chumvi. Chumvi ikiingia, kwanza inaharibu lile tando jembamba linalojitengeneza juu ya chuma na kukikinga, na inayafanya maji yapitishe umeme kirahisi zaidi, kwa hiyo kutu inakwenda mbio. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: chumvi inavuta maji hewani. Chumvi ya kawaida ya jikoni huanza kuyeyuka yenyewe hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi. Chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesiamu, na hiyo huvuta maji hata kwenye hewa ya asilimia 33 hivi. Hewa ya visiwa vyetu, hasa usiku na alfajiri, mara nyingi iko juu ya hiyo 75. Maana yake chumvi iliyoganda juu ya mkono wa gari lako inalala mbichi usiku kucha hata kama halijanyesha tone. Gari limesimama, wewe umelala, na kutu inafanya kazi.

Nyinyi wa Jambiani, Paje, Bwejuu na Makunduchi mnalipokea kusi usoni. Mawimbi yanavunjika kwenye mwamba, upepo unachukua rasharasha na kuileta mpaka barazani. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, basi fikiria miezi ya kusi inaacha nini chini ya gari. Tena angalia kwamba juu ya gari mvua ya masika inaosha, lakini chini hakuna mvua inayofika. Chumvi ya bodi inaondoka na kila mvua, na ile ya chini inaongezeka tu, ikichanganyika na unga wa barabara za kifusi cha matumbawe, ikajaa kwenye pembe za krosimemba (fremu ya chuma iliyo chini ya injini, inayoshika mikono) na ndani ya vikalio vya springi. Ndiyo maana unaliona gari linang'aa juu na limekwisha chini.

Sasa kisima. Upande wenu wa kisiwa ni jiwe la matumbawe. Mvua inapenya mpaka chini, na maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, yanaelea juu ya maji chumvi yanayoingia kutoka baharini. Kisima cha karibu na pwani kikivutwa na pampu mchana kutwa, maji chumvi yanapanda. Watu wanayazoea, wanafulia na kuoga, hawaoni tena ule ukali wake. Yaonje asubuhi kabla hujanywa kitu, na uyaonje tena jioni baada ya pampu kufanya kazi. Povu la sabuni lisikudanganye, maana maji ya mawe ya chokaa yanakataa povu hata yasipokuwa na chumvi. Kama unamjua fundi wa bwawa la kuogelea katika hoteli yoyote hapo karibu, mwombe akupimie. Wengi wao wana kipimo cha kuchovya kinachosoma chumvi. Yakiwa na chumvi, basi kila siku unayoosha gari unalipaka chumvi kwa mkono wako, na lingeoza polepole zaidi kama ungeliacha na vumbi lake. Osha mara moja kwa wiki kwa maji ya mfereji, au weka tangi la kukinga mvua ya paa wakati wa masika na vuli. Maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote kwa kazi hii.

Tuje kwenye vipuri. Anza na mikono, maana hiyo ndiyo inayotofautiana sana dukani. Chukua kitambaa cheupe, kitie thina, usugue sehemu moja ya mkono kwa nusu dakika, mbali na mpira. Kitambaa kikitoka cheusi na chuma kikaanza kuonekana, hiyo ni rangi nyepesi ya kupuliza, imepakwa ili kipuri kipendeze kwenye boksi, na mara nyingi imepakwa juu ya magamba ya kiwandani na mabaki ya kuchomelea. Haitakaa Jambiani. Kitambaa kikibaki kisafi au kikachafuka kidogo tu, hiyo ni rangi ya kuzamishwa kwa umeme au ya unga uliookwa kwenye tanuri. Rangi ya kuzamishwa ni nyembamba, mikroni 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) au zaidi kidogo, lakini imeshika chuma kwelikweli na hupaswi kuiondoa. Hiyo utaikwaruza juujuu kwa msasa namba 240 ili praima ishike, na utaongeza nguvu pale inapoanza kufa: kingo, mistari ya kuchomelea na midomo ya matundu. Ile nyepesi, iondoe yote. Brashi ya waya, msasa namba 80, kisha namba 120, mpaka uone chuma cheupe.

Kabla ya msasa, funika bushi (ule mpira wenye bomba la chuma unaokaa kwenye maungio ya mkono) na kifuko cha mpira cha boljointi kwa plastiki na gundi ya karatasi. Thina isiguse mpira. Ukimaliza msasa, osha kwa sabuni na maji matamu hata kama kipuri kimetoka dukani leo, maana jasho la mikono lina chumvi na boksi limepita mikono mingi. Kianike juani kikauke, ukifute kwa kitambaa safi chenye thina, ukigeuze kitambaa mara kwa mara, na kuanzia hapo usikishike tena mikono mitupu. Vaa glavu.

Saa ya kupaka ina maana kubwa hapa kwetu kuliko bara kavu. Wapaka rangi wa meli hufuata kanuni kwamba chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 zaidi ya kiwango ambacho umande huanza kushika. Huna haja ya kipimo: paka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku ya jua, baada ya chuma chenyewe kupata moto. Usipake alfajiri kwa sababu kuna baridi nzuri, wala baada ya magharibi. Na usipake uwani palipo wazi kwa bahari. Kama huna chumba kilichozibwa upepo, vilete vipuri Mjini au hata Mwera, upake huko; ni vyepesi, havihitaji gari lenyewe. Chuma ulichokipiga msasa asubuhi kipakwe siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache. Kikilala wazi usiku mmoja utaona wingu la rangi ya kahawia juu yake, na hapo huna budi kurudia msasa na kuosha.

Praima niitakayo ni epoksi ya makopo mawili, ile ya kuchanganya na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha. Mafundi wa boti za faiba na wa meli wanaijua, ulizia kwao wanainunua wapi. Ile ya kopo moja la kupuliza ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini haizuii maji kama epoksi. Ukipata praima yenye zinki nyingi, fahamu kwamba inafanya kazi ikiwa imegusa chuma kitupu kilicho safi, kwa kuwa zinki hujitoa iliwe yenyewe badala ya chuma. Kuipaka juu ya rangi ya zamani ni kuipoteza. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, usikisie.

Kisha fanya hivi, na wengi hawafanyi: chukua brashi ndogo, upake kwanza kingo zote, mistari ya kuchomelea na midomo ya matundu peke yake. Rangi yoyote ikiwa mbichi inavutwa na kuikimbia ncha kali, ikabaki nyembamba hapo hapo ambapo jiwe litagonga. Ikishika kidogo, paka mkono mzima, na baada ya muda uliotajwa kwenye kopo rudia tena. Matabaka mawili yanatosha. Epoksi huchujuka na kuwa unga ikipigwa na jua, lakini chini ya gari jua halifiki, kwa hiyo rangi ya juu si lazima. Epoksi nyingi huweza kushikwa baada ya siku moja na kukomaa kabisa baada ya siku 7 hivi. Ukiweza ngoja hizo 7. Ukishindwa, ngoja mbili, na uendeshe wiki ya mwanzo bila kupita njia za mawe.

Usipake rangi mahali chuma kinapobanana na chuma. Pale mkono unapokaliwa na boljointi, pale bolti inapokandamiza, rangi nene hujibana polepole, bolti inalegea, na wewe ulidhani umeikaza. Hapo acha rangi ya kiwandani kama ilivyo, au chuma kitupu, ukikinge kwa nta baada ya kufunga. Tundu la boljointi lenye umbo la kupungua liwe safi kabisa na kavu, bila rangi wala grisi.

Springi zina sheria zao, na hapa naomba uwe mwangalifu zaidi. Springi haiozi mpaka ikaisha kama mkono ulivyofanya. Inakatika. Kutu inachimba kishimo kidogo, mara nyingi kwenye pindo la chini kabisa linalokaa juu ya kikalio, ambako mchanga umenaswa na kusaga rangi kila gari linapopanda na kushuka. Kwenye kishimo hicho mpasuko unaanza, chuma kinachoka, na siku moja unasikia mlio na gari limeinama upande mmoja. Ncha iliyokatika inaweza kuchana tairi. Kwa hiyo springi mpya usiipige msasa hata kidogo kama rangi yake ni nzima. Usiichomelee, usiipashe moto, usiichovye kwenye siki wala asidi yoyote ya kutolea kutu. Chuma kigumu cha namna hiyo, pamoja na bolti ngumu zilizoandikwa 10.9 au 12.9 kichwani, kikilowekwa kwenye asidi kinaweza kufyonza haidrojeni, na baadaye kikakatika ghafla bila kupinda. Unachofanya ni kuiosha, kuikausha, kuangalia kama kuna mkwaruzo wa usafirini na kuugusia kwa epoksi kwa brashi. Nunua na mipira ya kukalia ya springi kama ya zamani imekatika. Ni kitu cha bei ndogo na ndicho kinachotenganisha springi na mchanga.

Kikalio chenyewe kwenye shokapu kina tundu la kutolea maji. Hakikisha liko wazi kabla ya kufunga, na ukumbuke kulizibua kila unapoosha. Mwili wa shokapu unaweza kuuongezea rangi kwa brashi, lakini ile fimbo inayong'aa isiguswe na rangi, nta, msasa wala gundi. Doa dogo tu la rangi kavu juu yake linakata sili na mafuta yanamwagika. Linki za stabilaiza usijisumbue nazo, zipulizie nta baada ya kufunga. Zitakwisha boljointi zake kabla ya chuma chake kuoza.

Bolti ndizo zitakazokuamulia kazi ya mara ijayo itagharimu kiasi gani. Ile ndefu inayopita katikati ya bushi ikishika kutu ndani ya bomba la chuma la bushi, haitoki. Fundi ataikata kwa grainda, mara nyingine na sehemu ya krosimemba itaumia. Basi ipake grisi nyembamba au nta kwenye kiwiliwili chake, ile sehemu laini inayokaa ndani ya bushi. Meno ya bolti yaache yalivyotoka kiwandani, labda kitabu cha gari kiseme vingine, kwa sababu meno yenye grisi yakikazwa kwa nguvu ile ile bolti inavutwa zaidi ya ilivyokusudiwa. Ukishakaza, funika kichwa, nati na meno yaliyochomoza kwa nta. Na bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi unakaa umejipinda saa zote na unachanika mapema.

Usifunge vipuri vipya juu ya krosimemba iliyooza. Mkono mmoja umetoboka, kwa hiyo chuma kilicho jirani nacho kimepata chumvi ile ile. Gari likiwa juu ya stendi za chuma, gongagonga krosimemba na vizingiti vya chini ya milango kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa na magamba yanadondoka. Pakitoboka, dawa ni kukata na kuchomelea chuma kipya au kubadilisha krosimemba. Hakuna rangi ya kuziba tundu hapo. Kutu ya juujuu unaweza kuibadilisha kwa dawa yenye asidi ya fosfori au tanini, ile ile tanini iliyomo kwenye magome ya mikandaa. Tanini hugeuza kutu iwe nyeusi na tulivu, lakini inafaa kwa kutu nyembamba iliyoshikamana tu. Magamba yaondoe yote kwanza, uoshe kwa maji matamu, ukaushe siku nzima, ndipo upake dawa, na baada yake epoksi. Kuosha ndiko kunakorukwa zaidi. Chumvi imejificha ndani ya vishimo vya kutu, na dawa ya kugeuza kutu haiitoi.

Sasa nimjibu jirani yako, na sina ubaya naye, maana lami ilitumika miaka mingi na kwa gari jipya la nchi kavu inaweza kusaidia. Tatizo la lami ni kwamba inakauka, inakuwa ngumu, na njia za kifusi zinaipasua kwa mawe. Ufa mmoja mdogo unaingiza maji ya chumvi, na maji hayo yakishaingia kati ya lami na chuma hayatoki. Kwa nje unaona weusi mzuri, mpaka siku unapobonyeza kwa bisibisi na ikapenya. Nimekwisha kubandua lami ikatoka kama ganda zima, na chuma chote kimebaki upande wa ganda. Ikiwa gari lako lilikwisha kupakwa na mmiliki wa kwanza, tafuta mahali palipovimba au kuinuka, ubandue hapo.

Kuhusu oili chafu ninapinga zaidi. Ni kweli mafuta yanazuia maji kwa muda mfupi. Lakini oili iliyotoka kwenye injini ina asidi na masizi, mpira wa bushi unavimba na kulainika ukiiloweka, mchanga unanata juu yake, na mvua ya kwanza inaipeleka chini. Masizi hayo yana kemikali zinazosababisha saratani, na anayelala chini ya gari kuipuliza anaivuta. Na ardhi yetu ya matumbawe ina matundu. Kinachomwagwa juu kinafika kwenye maji ya visima vyetu bila kuchujwa sana. Kuimwaga kila mwezi katika kijiji chenye visima si sawa.

Badala yake tumia nta ya kupuliza ya magari, au lanolini, yaani mafuta ya sufu ya kondoo, ambayo yanauzwa kwenye makopo ya kupuliza. Uzuri wake ni kwamba hayakauki yakawa ganda. Jiwe likikwaruza, yanasogea na kufunika tena mkwaruzo mdogo, na ukichungulia unaona chuma kikoje. Ubaya wake ni kwamba yanaoshwa polepole, hivyo lazima urudie. Watu hulalamikia hilo, lakini mafundi wa majahazi hawajawahi kupaka sifa (mafuta ya papa) na shahamu mara moja wakasahau: chombo kinavutwa pwani, kinasafishwa, kinapakwa upya, na kwa utaratibu huo kimedumu. Gari la pwani litunzwe hivyo hivyo. Muda mzuri ni Januari au Februari, kaskazi ikiwa imekausha kila kitu, kabla ya masika. Osha chini kwa maji ya mfereji, liache gari juani siku mbili, puliza. Chungulia tena baada ya kusi kutulia, kabla ya vuli, urudishie palipooshwa.

Mtu atakutajia kupaka sifa yenyewe chini ya gari, na wazo si la ovyo. Nahodha Robert Fergusson aliona mafuta ya samaki yaliyomwagika kwenye sitaha yakizuia kutu, na mwaka 1921 akaanzisha kule Marekani kampuni ya rangi ya Rust-Oleum kutokana na jambo hilo. Lakini rangi hiyo ilitokana na mafuta yaliyoshughulikiwa kiwandani. Sifa mbichi chini ya gari la wageni itanuka kila injini ikipata moto, na haifai karibu na mipira.

Unapopuliza nta, vua magurudumu na ufunike breki. Diski, pedi, kalipa, paipu za mpira za breki, vihisio vya magurudumu na eksozi visiguswe. Nta juu ya diski inaondoa breki, na juu ya eksozi inatoa moshi na inaweza kuwaka. Ndani ya vizingiti vya milango na ndani ya krosimemba ipitishe kwa mpira mwembamba wenye matundu pembeni, kupitia matundu yaliyopo. Matundu ya kutolea maji yaliyo chini kabisa yaache wazi. Nimeona magari yaliyozibwa matundu hayo kwa bidii ya kukinga, na yakaoza kwa ndani yakiwa yamejaa maji.

Katika kuosha kwa kila wiki, maji ya presha yasielekezwe karibu kwenye vifuko vya boljointi wala bushi. Presha ndogo, maji mengi, uoshe kwa muda, uanze na kikalio cha springi, nyuma ya fenda na juu ya krosimemba, ambako matope yanajilimbikiza. Siku uliyoshuka na wageni mpaka ufukweni, osha siku hiyo hiyo. Ukibeba mwani mbichi au ndoo za samaki, weka turubai chini na uoshe sakafu kwa ndani pia, maana yale maji yanapenya kwenye mishono na kutokea chini. Banda la makuti lililo wazi pande zote linafaa kulaza gari. Kulifunika gari kwa turubai usiku kunafungia unyevu. Na usililaze juu ya mchanga mbichi ukiweza kupata sakafu.

Gari jengine ukija kuagiza Japani, soma karatasi ya mnada. Herufi S ni kutu na C ni kuoza kwa chuma, na namba inayofuata inaonyesha ukubwa. Magari ya Hokkaido na mikoa mengine ya theluji hupita barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, kwa hiyo omba picha za chini, hasa mikono na krosimemba, kabla ya kulipa. Likishafika bandarini, lioshe chini kabla hata hujalipeleka nyumbani.

Baada ya kufunga mikono hiyo itakubidi uende kwenye alaimenti, maana pembe za magurudumu zitakuwa zimehama. Kabla fundi hajaanza, mwambie asafishe kwa brashi ya waya meno ya tairodi (fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu) na ayapulizie mafuta ya kulainisha, ayape muda, ndipo alegeze nati. Akizilazimisha zikiwa na kutu, meno yanakatika na utanunua tairodi usiyoitarajia. Akishamaliza kupima na kukaza, meno yaliyobaki nje yapake nta hapo hapo gereji, gari likiwa bado juu.